Mzee wa Machi

Nilimkuta Mwanjelwa, chini ya rundo la makoti ya mitumba,
kwenye kalenda ya mwaka uliokwisha kufa.
Zilibaki kurasa nne: Machi, Juni, Agosti,
na Desemba iliyoloa.
Muuzaji akacheka: "Tarehe zimeoza hizo. Lete mia tano."
Jina la mchoraji lilinishinda kutamka,
herufi zimesongamana kama mawe ya mto Kiwira,
nikamwita Mzee wa Machi.

Machi yenyewe ilikuwa hivi:
nyekundu juu, nyeusi chini,
na kati yake mpaka usiojua uamue nini.
Basi. Hakuna twiga. Hakuna mtu.
Hata mti wa kujisitiri macho hakuna.

Mimi ni fundi wa mabango, Tukuyu.
Mkasi wa saluni ya Gwantwa ni wangu,
paja la ng'ombe pale kwa Mwakalinga ni langu,
na jeneza lenye vishikio vya dhahabu,
la Ambakisye seremala, aliyetaka "livutie kidogo."
Kwangu mstari ni mstari. Rangi ikivuka umeharibu,
shika tambara, futa kwa mafuta ya taa.

Nikambandika juu ya kitanda.
Mvua ya Tukuyu haina adabu ya kuaga;
siku nne tulifungiwa ndani mimi na yeye,
akinitazama bila macho.

Siku ya tano nikamwiga.
Nyekundu ya kopo, nyeusi ya kopo, brashi ya inchi nne.
Ikatoka bendera ya nchi isiyokuwepo.
Nikaongeza thina, ikalia machozi hadi sakafuni.
Lusajo, mwanagenzi wangu, akainamisha kichwa upande:
"Bosi, hili ni duka la nini?"

Nikamgeuza Mzee uso ukutani.

Jumapili nikapanda gari la Masoko, kumtazama mama na mguu wake.
Jikoni moshi ulikuwa bado haujapata mlango.
Nikakaa kwenye kigoda, nikainua macho,
na chai ikapoa mkononi.

Chini, udongo mwekundu alioukandika mwenyewe.
Juu, masizi.
Na pale vinapokutana, hapakuwa na mstari,
palikuwa na miaka.
Machi. Machi iliyopinduliwa kichwa chini.

"Unatazama nini? Kuna nyoka?"
"Mama, ukuta huu umeufanyaje?"
"Huo? Nimechelewa tu kuukandika."

Nilirudi na masizi kwenye kopo la maziwa
na udongo wa kingo za barabara kwenye mfuko wa sukari.
Nikasaga, nikachuja kwa soksi, nikachanganya na gundi ya mbao.
Nikapaka nyembamba, nyembamba kama kuomba radhi,
nikasubiri ikauke, na Tukuyu kitu kukauka ni hadithi.
Nikapaka tena. Tabaka la ishirini na mbili
ndipo wekundu ukaanza kupumua toka nyuma.
Lusajo hakuuliza duka. Alisogea, akarudi nyuma,
akasogea tena, kama mtu anayepima joto la sufuria.

Ambakisye naye nilimchorea hivyo, bila jeneza.
Tukagombana mpaka wapita njia wakasimama.
"Watajuaje nauza nini?"
Nikamrudishia vishikio vyake vya dhahabu, nikala hasara.
Ubao ule ninao; mvua ikinyesha nauegemeza dirishani.

Mzee wa Machi nilimpeleka Masoko.
Mama alimtazama mbele, akamtazama nyuma,
akasema karatasi nzuri, nzito,
akampigilia msumari mmoja jikoni, juu ya mafiga.
Nilipokwenda tena, pembe zilikuwa zimegeuka kahawia,
ile nyekundu ya ng'ambo imeanza kutulia,
na tarehe moja mpaka tisa
hazisomeki.